Msukuma wa Televisheni si Mtani Wetu

Kila alaumiwapo mchekeshaji wa televisheni kwa kumwigiza Msukuma kama mjinga, jibu huwa tayari: huo ni utani tu, na Watanzania tumezoea kutaniana. Jibu hilo limekuwa komeo la mlango. Nami nalisukuma, kwani nadhani ni bovu.

Utani una sheria zake. Radcliffe-Brown alieleza mwaka 1940 kwamba atukanwaye kwa utani hana ruhusa ya kukasirika. Naam, lakini anayo haki ya kujibu, na siku ya msiba mtani wake humjia na kushika kazi za mazishi. Basi yule wa kwenye kioo, mwenye kofia, baiskeli na “gete” kila mwisho wa sentensi, mwenye ng'ombe wengi na akili haba, anamjibu nani? Na akifiwa mfugaji wa Mpimbwe, ni mchekeshaji gani wa Dar es Salaam atakayekuja kuchimba kaburi?

Nimevitazama vichekesho hivyo mjini Mpanda, katika mkahawa uliojaa watu. Wasukuma waliokuwapo walicheka kuliko wote, na hapo ndipo wapinzani wangu hushangilia. Wasifanye haraka. Mzee mmoja alimcheka mwigizaji kwa kuwa Kisukuma chake kilikuwa kibovu. Kijana wa meza ya pili, asiye Msukuma, alicheka, kisha akasema, “Ndivyo walivyo.” Kicheko kimoja, maana mbili: wa kwanza aliona mwigo, wa pili aliona ushahidi.

Katika Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, tofauti hiyo si ndogo. Wasukuma walihamia huku na mifugo yao kati ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na ugomvi wa malisho, mashamba na mipaka ya hifadhi haujakwisha. Asemaye “ndivyo walivyo” huenda kesho akaketi katika mkutano wa kijiji ugawao ardhi.

Sitaki michezo hiyo ipigwe marufuku. Mimi mwenyewe hucheka. Wala siwakubali wenzetu wa chuoni wahesabuo dhihaka katika maandishi ya mchezo bila kumwuliza hata mtazamaji mmoja, maana humnyima yule mzee akili aliyoidhihirisha mbele yangu.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Mpanda, aliponyokwa na “gete” darasani. Wenzake waliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Nilipomwuliza baadaye alikuwa akicheka nini, alinyamaza.