Gari Lapumua, Sisi Je?

Wiki chache zilizopita nilikuwa nyumbani Molo, na gari langu dogo la Kijapani likanilazimu kuketi kutwa nzima katika karakana moja ya jua kali. Taa ya njano yenye umbo la injini ilikuwa ikiwaka tangu siku nilipolinunua gari hilo kwa mtu, miaka mitatu iliyopita. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba hayo ni maradhi ya kawaida ya magari ya aina hiyo, nami nikamwamini. Watu wa isimu tuna udhaifu wa kuamini maneno. Fundi alichomeka kijikompyuta chake chini ya usukani, akakitazama kidogo, akasema: "Mwalimu, ni masega."

Msomaji anajua sega ni nini: ni ile nta yenye vijumba ambamo nyuki huweka asali. Mafundi wetu wamelichukua neno hilo wakakiita kwalo kile kipande cha bomba la moshi kinachosafisha hewa chafu itokayo kwenye injini. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi. Mtu alipasua ganda la chuma, akaona ndani jiwe la kauri lenye maelfu ya vitundu, akasema alichokiona. Nimefundisha uundaji wa maneno kwa miaka mingi na sijapata mfano bora kuliko huu.

Vitundu hivyo vimepakwa madini ya thamani kubwa: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapopita humo, kaboni monoksidi, ile hewa isiyo rangi wala harufu ambayo huua watu waliolala na jiko la makaa chumbani, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksidi. Petroli ambayo haikuungua huishia kuwa maji na kaboni dayoksidi, nazo oksidi za nitrojeni hurudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo hutaka joto la nyuzi mia kadhaa. Kwa hiyo katika baridi ya Molo, gari linalotoka nyumbani hadi sokoni na kurudi huenda lisisafishe chochote njia nzima.

Fundi alinitajia bei bila kupepesa jicho. Masega mapya ya kiwanda kilichotengeneza gari, yakiagizwa kupitia Nairobi, ni zaidi ya shilingi 150,000. Yaliyotumika kutoka Japani ni 60,000. Yale ya bei nafuu, yenye madini haba na umri mfupi, ni 38,000. Kisha akanong'ona njia ya nne: ayatoe, achomelee bomba tupu kwa shilingi 3,000, na hayo ya zamani ayanunue yeye kwa 12,000. "Gari litapumua, Mwalimu," akasema. Kwa hesabu hiyo ningeondoka pale na faida ya shilingi 9,000.

Simlaumu fundi. Mtu ambaye mshahara wake wote wa mwezi haufikii bei ya masega ya nafuu, na gari ndilo linalompelekea viazi sokoni, utamwambia nini? Isitoshe, mazoea haya yana historia. Japani iliweka viwango vikali vya moshi wa magari mwaka 1978, na magari yaliyotumika yaliyoletwa kwetu kupitia Mombasa yakaja na masega yake. Lakini hadi mwaka 2005 petroli yenye risasi ilikuwa bado ikiuzwa humu nchini, na risasi hufunika yale madini yakakoma kufanya kazi. Fundi wa zama hizo aliyeyang'oa alikuwa akitupa kitu ambacho tayari kilikuwa kimekufa. Mwaka 2006 ulipoanza, Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha petroli hiyo. Mafuta yakabadilika, somo ambalo fundi alimrithisha mwanagenzi wake halikubadilika.

Halafu bei za madini zikaingia. Mapema mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000. Imeshuka sana tangu hapo, lakini biashara ilikwisha kuzaliwa. Tazama basi mzunguko huu: Afrika Kusini ndiyo inayochimba platinamu nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Madini huondoka barani humu, huenda Japani, hurudi yamejificha chini ya gari la mitumba, hung'olewa Molo, kisha huuzwa tena ng'ambo kuyeyushwa. Kinachosalia kwetu ni moshi.

Na moshi huo hapa una makali zaidi. Molo imekaa mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko ya mtu wa Mombasa. Kaboni monoksidi hufanya kazi yake kwa kuipokonya damu oksijeni. Anayeuza mahindi ya kuchoma pale kwenye stendi ya matatu, mtoto mgongoni, ndiye anayelipa zile shilingi 150,000 ambazo sisi wenye magari tunajisifu kuziokoa. Hulipa kidogo kidogo, kwa kichwa kinachouma jioni, wala hapewi risiti.

Sheria hazikosekani. Kanuni za ubora wa hewa zinamkataza mwenye gari kutoa moshi uliopita viwango. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Siku ile niliyoshinda pale, sikuona leseni wala daftari. Wakati huohuo, anayetaka kununua masega halali hutozwa VAT ya asilimia 16 juu ya bei ambayo tayari imemshinda. Serikali ambayo ingetaka kweli tupumue ingeanza kwa kukiondolea kodi kipande hiki, kisha ndipo itume wakaguzi. Kuanza na wakaguzi kutazaa hongo tu barabarani.

Nilimwambia fundi aniwekee yale ya 38,000. Nakiri kwamba si ushujaa. Ni aibu ya kuandika makala haya nikiwa nimechagua bomba tupu. Akaingia uvunguni, akayafungua, akatoka ameshika kile kipande, akakitikisa. Kilikuwa chepesi kama kopo. Ubavuni palikuwa na mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi nyeusi, na ndani hamkuwa na kitu. Mtu alikuwa amekwisha kuyakwangua masega na kuyauza kabla sijalinunua gari, na kwa miaka mitatu nimepita katika mitaa hii nikiwamwagia jamaa zangu sumu.

Nilimwuliza fundi angenipa ngapi kwa lile ganda. Akacheka, akalitupa kwenye rundo la mengine yaliyofanana nalo.