Beseni si aibu



Sisi tunaomaliza masomo mwaka huu tunaulizwa kila siku: "Kisha diplome utafanya nini?" Wengi wetu wanajibu mbio: "Nitasomea uganga." Ni vema. Lakini tukijichunguza, tunaona kwamba tunapenda blause nyeupe kuliko mgonjwa. Kuitwa munganga tunataka. Kubeba beseni hatutaki. Juu ya neno hili tunapenda kusema leo.

Kwanza tuungame. Juzi tulikwenda kumwangalia mwenzetu aliyelazwa katika hospitali moja. Tulimkuta msichana wa staje, wa umri wetu, anapangusa matapishi chini ya kitanda. Mmoja wetu akasema polepole: "Kumbe anasoma miaka yote hii juu ya kupangusa?" Tukacheka, hata sisi wakubwa wa wanafunzi. Yule dada hakujibu. Alimaliza, akanawa mikono na sabuni, akatazama serumu ya mwenzetu. Ilikuwa imesimama, na mkono umeanza kuvimba. Sisi tulikuwa tumeketi pale karibu saa nzima na hatukuona kitu. Yeye aliona mara moja. Kicheko kikatuisha.

Basi staje ndiyo hiyo. Katika kitabu mtu anasoma habari ya homa. Kando ya kitanda anajifunza kuitambua kabla mgonjwa hajasema. Anajifunza kumgeuza mzee asipate vidonda vya mgongo, kuhesabu pumzi za mtoto, kupima tansio, na kuandika yote kwenye fishi kusudi mwenzake wa usiku ajue. Hakuna A2 wala A1 anayeweza kuruka kazi hiyo.

Na inchi yetu inajua jambo hili tangu zamani. Munganga Carl Becker, Mwamerika, alipoanza kazi Oicha mwaka 1934, hakukuta wauguzi wenye diplome. Alifundisha vijana wa huku mbele ya wagonjwa wenyewe. Helen Roseveare, Mwingereza aliyesoma Cambridge, alifika Kongo mwaka 1953. Kule Nebobongo alifundisha wauguzi, tena alichoma nao matofali ya kujenga hospitali. Munganga wa Cambridge, mikono ndani ya udongo! Alipata mateso katika maasi ya 1964, lakini alirudi mwaka 1966 akafundisha wauguzi Nyankunde mpaka 1973. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, hata wagonjwa waliuawa vitandani. Waliopona walitembea kwa miguu katika pori mpaka Oicha na Beni, na kazi ya kutunza wagonjwa ikaanza tena hapa Beni. Majengo yalibaki nyuma. Ujuzi wa mikono walikuja nao.

Tena tukumbuke Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, 2.287 walikufa. Wauguzi na watumishi wengine wa afya walioambukizwa walikuwa 171. Na wagonjwa wengi walipata ugonjwa huo ndani ya vituo vya afya, mahali ambapo usafi ulikosekana. Kunawa mikono, kutupa shindano iliyotumiwa, kuosha beseni namna inavyopaswa: ni masomo ya juma la kwanza, yale tunayoyacheka. Na hapa Butembo watu waliopona Ebola walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hawakuwa na diplome ya uganga. Waliwabeba, wakawalisha, wakawaosha.

Wengine watasema: "Lakini wanafunzi wa staje wanatumikishwa bure." Mahali pengine ni kweli, nasi hatutaki kuficha. Mwanafunzi anayeachwa peke yake usiku na sale nzima, bila glavu, bila mkubwa wa kumwonyesha, hasomi. Anatumiwa tu, na mgonjwa yuko katika hatari. Sherti awe na mtu wa kumfundisha na vyombo vya kujikinga. Lakini dawa ya kosa hili si kuidharau kazi. Ni kuiheshimu zaidi, kwa sababu kazi inayodharauliwa hakuna anayejisumbua kuifundisha vizuri.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Bwana Prefe na walimu, kabla hatujachagua masomo ya mbele, mtupatie siku moja tuketi hospitalini toka asubuhi mpaka jioni, tuone kazi yenyewe. Na ninyi wandugu, tuanzie hapa kwetu. Mwenzetu akigonjwa usiku katika internati, tusivute blanketi kichwani tukingoja mwingine aamke. Tumchotee maji, tuoshe beseni yake. Wavulana, msiseme ni kazi ya wasichana: matapishi hayaulizi.

Anayeshindwa kuosha beseni ya rafiki yake, ataoshaje ya mtu asiyemjua?

Jumamosi tutarudi kule hospitalini. Tukimkuta yule dada, tutamwomba radhi.

Wakubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho