Data iliyokatika si data iliyoisha

Wewe kijana wa Shieywe unayejifunza kuandika programu, hebu chukulia hivi. Mhudumu wa afya ya jamii anatuma kwa simu orodha ya watoto 40 aliowapima. Mtandao unakatika njiani. Programu upande wa pili inapokea rekodi 31 na nusu, inaitupa ile nusu, kisha inaandika: “Imekamilika.” Watoto 9 wamepotea na hakuna aliyeambiwa.

Usikimbilie kulaumu mtandao. Mtandao kukatika ni kawaida, hasa mvua ya Kakamega ikianza alasiri. Lawama ni ya maktaba ya msimbo inayosimbua data huku ikichukulia kuisha na kukatika kuwa kitu kimoja.

Waliounda lugha ya Go waliliona hili. Ukitumia io.ReadFull kuomba baiti 8 na usipate hata moja, unapewa EOF: data imeisha. Ukipata 3 tu, unapewa ErrUnexpectedEOF: kuna kitu kimekatika. Ni majina mawili tu, lakini yanamwezesha anayepokea kujua kama aombe orodha itumwe upya.

Bado kuna mtego. Data ikikatika hasa pale rekodi moja inapoishia, kila kitu kitaonekana sawa. Ndiyo maana idadi ya rekodi inafaa kutajwa mwanzoni. Na hiyo idadi nayo usiiamini kipofu! Mwaka 2014, dosari ya Heartbleed katika OpenSSL ilitokana na programu kuamini urefu wa ujumbe uliotajwa na mtumaji bila kuulinganisha na data iliyofika. Seva zikawa zinatoa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kwa kila ombi, siri zikiwemo.

Wengi wenu mnataka kuunda app mpya, na ni sawa. Lakini kurekebisha hitilafu kama hii kwenye maktaba huria kunafaidi kila programu inayoitegemea, na hauhitaji ofisi wala mtaji. Atakayekuambia “iache tu, mtumiaji atajaribu tena” muulize: atajaribuje tena kama ameambiwa imekamilika?

Anza leo. Chukua faili la rekodi 40, likate baada ya baiti ya kwanza, kisha ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila mkato usioleta hitilafu, uandikie jaribio kabla hujagusa msimbo wenyewe.