Trekta kuukuu ni mtaji, litunzwe kiangazi

Mwezi Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifurika magari ya Land Rover. Yalikuja mamia, mapya na ya zamani, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya wapenzi wa magari hayo. Kwa watu wengi ile ilikuwa burudani na njia ya kutangaza utalii. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Dodoma, hata hivyo, tamasha lile lilikuwa na somo la kiuchumi ambalo halikuzungumzwa sana.

Kiwanda kiliacha kutengeneza Land Rover 109 mwaka 1985. Maana yake ni kwamba hata lile lililo changa kabisa limeshafikisha umri wa miaka 40. Gari la umri huo linapotoka mkoani na kufika Arusha kwa magurudumu yake, halifiki kwa bahati. Limefika kwa sababu mwenyewe analijua, ana fundi anayelijua, na wote wawili wanajua spea inapatikana kwa nani.

Katika Kanda ya Kati magari na matrekta ya aina hiyo si ya maonyesho bali ni vyombo vya kazi. Huko Kongwa, Chamwino, Bahi na Manyoni si ajabu kukuta Land Rover 109 imebeba magunia ya alizeti kwenda sokoni, au trekta la Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, likilima mashamba ya kijiji kizima kwa kukodishwa. Mengi yalipatikana katika minada ya Serikali, ya misheni na ya miradi iliyokwisha muda wake. Swali ambalo wenye vyombo hivyo wanapaswa kujiuliza ni hili: je, hiki ni chuma chakavu kinachosubiri mnunuzi wa kilo, au ni mtaji?

Wapo wanaosema la kuvunda halina ubani. Hoja yao ina uzito. Injini iliyochoka inakula dizeli na oili, inatoa moshi mweusi, na breki za zamani ni hatari kwa dereva na kwa wapita njia. Lakini wanaosema hivyo husahau kulinganisha na gharama ya kununua jipya. Trekta jipya hununuliwa kwa mamilioni mengi ya shilingi, mara nyingi kwa mkopo unaodai marejesho hata mwaka ambao mvua imegoma. Trekta kuukuu lililokwisha kulipiwa halidai riba. Katika mkoa wenye ukame wa mara kwa mara, hilo si jambo dogo.

Aidha, upya peke yake si dawa. Serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) iliwahi kuingia mkataba wa kupata matrekta 2,400 ya URSUS kutoka Poland, ya kuunganishwa Kibaha. Mwaka 2021 kampuni hiyo ya Poland ilitangazwa kuwa imefilisika. Mkulima aliyenunua trekta la aina hiyo hakuhitaji kuelezwa maana ya habari hiyo kwa upande wa spea. Kinyume chake, matrekta yaliyotokana na Massey Ferguson za zamani yameendelea kutengenezwa India na Pakistan kwa miongo mingi, na ndiyo maana ringi, gasketi na nozeli za injini ya Perkins ya silinda 3 bado zinapatikana madukani. Trekta la miaka 50 lenye spea ni changa kuliko trekta la miaka 5 lisilo na spea.

Somo hilo lilishatolewa katika ardhi hii hii ya Dodoma. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ukiwa na kitovu chake Kongwa, kwa lengo la kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta yaliyobaki na Vita Kuu ya Pili, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mashine nyingi ziliharibika mapema. Mafundi walikuwa wachache, spea zilikuwa mbali, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kiasi cha kula majembe. Mvua nayo haikufuata ratiba. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, takribani pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi, lakini mojawapo ni kuleta mashine kabla ya kuandaa karakana na watu wa kuzitunza.

Sasa ni vizuri kuangalia hesabu ya mwenye trekta wa leo. Wengi hupima gharama ya trekta kuukuu kwa bei ya spea. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Gharama kubwa ni siku ambazo trekta limelala gereji wakati wengine wanalima. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba hadi Aprili, na sehemu nyingi hupata takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Muda wa kulima baada ya mvua za kwanza ni mfupi, na aliyechelewa hawezi kuufidia Machi.

Chukua mfano wa trekta linalolima ekari 8 kwa siku kwa malipo ya Sh 50,000 kwa ekari. Likilala wiki mbili mwezi Desemba, ekari 112 hazijalimwa na Sh 5,600,000 hazijaingia. Hata kama nusu ya fedha hizo ingekwenda kwenye dizeli na dereva, mwenye trekta amepoteza Sh 2,800,000. Wateja wake nao wamepanda mtama na alizeti kwa kuchelewa, na huenda mwakani wakamtafuta mwingine. Mara nyingi kilicholaza trekta ni oili sili, mkanda wa feni, beringi au gasketi, vitu ambavyo vingebadilishwa mwezi Julai bila haraka.

Julai ndio mwezi wenyewe. Mavuno ya alizeti, karanga na mtama yamekwisha kuuzwa au yanauzwa, fedha ipo mkononi, mafundi hawana foleni, na shamba halimsubiri mtu. Lakini desturi ya wengi ni kuliegesha trekta chini ya mbuyu baada ya mavuno na kulikumbuka mawingu yanapotanda. Desemba fundi ana foleni, duka la spea limepandisha bei, na mwenye trekta analazimika kupokea spea feki kwa sababu hana siku ya kusubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kilimo ukuta huo hujengwa kwa fedha za karo.

Mazingira ya Kanda ya Kati nayo yana maadui wake watatu wanaojulikana. Wa kwanza ni vumbi. Massey Ferguson na Land Rover nyingi za zamani zina filta ya hewa inayotumia oili. Oili hiyo ikijaa tope, vumbi huingia kwenye silinda na kusaga ringi na laina. Wakati wa kazi inapaswa kukaguliwa kila siku, na kazi hiyo haihitaji fundi. Wa pili ni maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, nayo huacha magadi ndani ya rejeta, injini huchemka, na gasketi ya silinda hedi huungua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni kinga ya bei nafuu. Wa tatu ni dizeli ya madumu. Uchafu na maji yaliyomo huua pampu na nozeli. Dizeli ya dumu iachwe itulie, ichujwe, na ile ya chini kabisa isimiminwe kwenye tangi.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Yapo mengine yanayohitaji umoja, na hapa ndipo wapenzi wa magari ya zamani wanapoweza kuigwa. Nchini Uingereza wenye magari yasiyotengenezwa tena huunda vyama, hukusanya oda za wanachama na kuagiza spea kwa pamoja, hata ile iliyokwisha kuadimika. Mtu mmoja anayetaka seti moja ya ringi hana sauti mbele ya mwenye duka Dar es Salaam. Watu 30 wenye trekta la aina moja katika wilaya za Kongwa na Mpwapwa wanayo sauti, na wanaweza kudai bei ya jumla na spea halisi. Wakulima tayari wana AMCOS na vikundi vya kuweka na kukopa, hivyo hawaanzi na sifuri.

Chama cha namna hiyo kingefanya pia kazi ya kuweka kumbukumbu. Daftari linaloonyesha tarehe ya kubadilisha oili, spea iliyofungwa na saa zilizofanya kazi huongeza thamani ya trekta siku ya kuliuza, na humpa afisa mikopo kitu cha kusoma. Vilevile kingeokoa ujuzi. Mafundi wengi wanaoweza kusikiliza injini ya zamani na kutaja ugonjwa wake walifunzwa katika karakana za umma za miaka ya 1970 na 1980, na sasa ni wazee. Kijana anayetoka VETA akikaa nao misimu miwili atapata elimu ambayo haipo katika kitabu chochote cha dukani.

Serikali na waandaaji wa maonyesho ya Nane Nane wana nafasi yao. Kila Agosti uwanja wa Nzuguni hupambwa kwa matrekta mapya ambayo wengi huyatazama na kurudi nyumbani. Itengwe sehemu ya matrekta na magari ya zamani, ambako mafundi watayakagua, wenye nayo watabadilishana spea, na vijana watajifunza. Agosti ni kiangazi, na bado ipo miezi mitatu ya kutengeneza kilichoonekana kibovu.

Si kila kuukuu kinafaa kuokolewa. Kabla ya kutia fedha, mwenye chombo ajiulize maswali matatu: je, spea zake bado zinatengenezwa? Je, chesisi na injini bloku havina ufa? Je, fundi anayekijua anafikika kwa siku moja? Majibu mawili yakiwa hapana, ni afadhali kukiuza mapema na fedha ziende kwenye maksai au kwenye chombo kingine. Majibu yote yakiwa ndiyo, mnunuzi wa chuma chakavu apite njia yake, na trekta lipelekwe kwa fundi sasa, kabla mawingu hayajaonekana.