Masta Si Kibanda cha Kujikinga Mvua

Mpwa wangu alinijia hapa Kitete, Tabora, jioni moja, jua limeshazama nyuma ya miembe. Akaamkia, akaketi, akanywa maji, ndipo akatoa bahasha. Amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, miaka miwili. Babu yake ameahidi kuuza ng'ombe ili ada ya mwaka wa kwanza ipatikane. "Mjomba, wewe unasemaje?"

Nikamuuliza anakwenda kutafuta nini huko. Akatazama chini kitambo. "Kazi hakuna, mjomba. Bora nisome kuliko kukaa."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana nimeyasikia kwa vijana wengi mno. Elimu siigombi, mimi mwenyewe imenilisha. Ninayemgomba ni kijana anayeingia chuoni kama mpita njia anavyoingia kibandani mvua ikinyesha, asiye na haja na mwenye kibanda wala na kilichomo. Mvua hiyo haina ratiba. Miaka miwili ikiisha na bado inanyesha, je, ataingia kibanda kingine?

Nitasema kuhusu uhandisi mitambo peke yake, kwa sababu kazi hii ina tabia yake: mashine haijui una shahada ngapi.

Mtaani kwetu kuna mashine ya kusaga ambayo kwa muda mrefu ilikuwa inakula beringi. Kila mwezi fundi aliitwa, akatoa beringi iliyochakaa, akaweka mpya, akapaka gresi, akalipwa. Mwenye mashine akawa analaumu beringi za siku hizi. Siku moja mpwa wangu alipopeleka mahindi alisimama pale akisikiliza mlio, kisha akaomba mota izimwe. Akaomba uzi kwa fundi cherehani wa jirani, akauvuta toka uso wa puli ya mota hadi uso wa puli ya kinu. Uzi ukagusa upande mmoja, upande wa pili ukaacha nafasi ya kupitisha kidole. Puli hazikuwa kwenye mstari mmoja. Mkanda ulikuwa unavuta kwa mshazari, shafti inalemea upande, beringi inabeba mzigo ambao haikuumbwa kuubeba. Wakalegeza boliti za mota, wakaingiza vipande vya bati chini ya miguu miwili, wakaipima tena kwa uzi uleule, wakakaza. Mpaka leo naandika, beringi ile haijabadilishwa.

Nilimkumbusha kisa hicho. Hiyo ni elimu ya shahada ya kwanza, nikamwambia, na hujaimaliza kuitumia. Mtaa mmoja tu umeitumia, tena bure.

Wapo wanaodhani masta ndiyo itakayowapa jina la mhandisi. Sivyo. Jina hilo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Bodi haiulizi una shahada ya pili. Inataka shahada ya kwanza inayotambuliwa, kisha miaka isiyopungua 3 ya kazi chini ya macho ya mhandisi aliyesajiliwa, na maandishi ya kuonyesha ulichokifanya. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 ina mpango wa kuwalea wahitimu kazini kwa miaka hiyo 3. Kijana anayeruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja darasani atarudi na vyeti viwili, naye mbele ya Bodi bado ni mhandisi mhitimu tu, sawa na mwenzake aliyembakiza nyuma. Tena mwenzake ameshakula gresi miaka miwili.

Sisi watu wa Tabora tusingepaswa kufundishwa jambo hili na mtu. Mji huu uliinuliwa na misafara. Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya hapa na pwani, frasila mbili begani kwa mtu mmoja, na mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Kirangozi hakuokotwa kwenye baraza ya tajiri. Alikuwa mtu aliyekwisha kuipita njia ile na mzigo, anajua kisima kipi hukauka na mtemi yupi hutoza hongo kubwa. Watu walimfuata kwa sababu hiyo.

Na tukitaka kuona msafara uliotangulizwa na watu wasioijua njia, tupande treni ya Kigoma tushuke Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta huko, na Kongwa, na Nachingwea, mpango mkubwa wa karanga. Hesabu zilikuwa nzuri mezani London. Matrekta yaliletwa, mengine ya mitumba, mengine vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, mizizi ikavunja vyuma, na karakana hazikuwa na mafundi wa kutosha wala vipuri. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimekwenda na maji. Wasomi hawakukosekana. Alikosekana mtu wa kuijaribu mashine moja kwenye shamba moja kwa misimu kadhaa kabla ya kuagiza mia.

Nitaambiwa: mbona Mwalimu Nyerere alisoma mpaka Edinburgh? Naam, na safari yake ilianzia papa hapa. Alipotoka Makerere alikuja kufundisha Tabora, shule ya Mtakatifu Maria, toka 1946 hadi 1949, ndipo akaenda Uskoti. (Wanaopenda kuitaja M.A. yake wakumbuke kwamba kule Uskoti hiyo ndiyo shahada ya kwanza.) Alikwenda na miaka mitatu ya chaki mikononi, akijua anachokwenda kuuliza.

Hoja nyingine nzito kidogo ni ya wale wasemao ukiacha shule kichwa huganda, utaoa, utapata watoto, hutarudi. Ni kweli kwa baadhi. Lakini tuhesabu pia upande wa pili. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kurudisha deni la shahada ya kwanza. Kuweka juu yake deni la ng'ombe wa babu kwa shahada ambayo hujui ni ya nini ni kumfunga mtoto wa watu miguu yote miwili.

Wengine hunitajia reli ya kisasa. Makutupora hadi Tabora kilomita 368, Tabora hadi Isaka 165, Tabora hadi Kigoma 506; zote hizo zinakutana mjini kwetu, nao wanadhani bila masta hawataingia getini. Mimi naona reli hiyo itahitaji kwanza watu wa kusikiliza mlio wa beringi.

Basi nani aende? Anayetaka kufundisha chuo kikuu aende, tena mapema, kwani bila shahada ya uzamili hapati hata uhadhiri msaidizi. Na aende yule ambaye kazi imemwuliza swali akashindwa kulijibu kwa alichonacho.

Swali la namna hiyo lipo, tena nyumbani kwao mpwa wangu, Sikonge. Wakulima wa tumbaku ya mvuke hukausha majani ndani ya bani kwa moto wa kuni, siku kadhaa usiku na mchana, na miombo yetu inateketea humo. Joto linapita wapi? Kiasi gani kinapotelea kwenye dohani, kiasi gani ukutani? Hewa ipite vipi ili majani ya juu na ya chini yakauke sawasawa kwa nusu ya kuni? Uzi wa fundi cherehani haulijibu hilo. Hapo unahitaji msimamizi, maabara na vitabu, na hapo mimi mwenyewe ningesaidia kumtafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Mpwa wangu amekiandikia chuo kuomba aahirishe mwaka mmoja. Juzi alinipigia simu usiku toka Sikonge. Alikuwa amekaa mlangoni pa bani la baba yake na kipimajoto, anaandika joto kila saa na kuhesabu kuni zinazoingia. Bahasha ameniachia mimi, iko kabatini.

Nawe kijana uliye na bahasha kama hiyo, chukua karatasi uandike swali lako, nusu ukurasa tu, kisha umsomee mzee wako. Ukishindwa kuliandika, mwambie asiuze ng'ombe mwaka huu.