Nishani ya Tai si Sadaka

Kila kijana mlemavu anapotunukiwa nishani ya Tai, iliyo ya juu kabisa kwa skauti wa Marekani, hawakosekani wanaonong'ona kwamba amehurumiwa. Hiyo ni kasumba, na haina budi kupigwa vita. Nishani hiyo hudai beji 21 na mradi wa kuitumikia jamii. Mlemavu hapunguziwi hata beji moja. Beji ya lazima ambayo ulemavu wake wa kudumu unamzuia kuipata, hubadilishiwa nyingine inayodai jasho lile lile, tena kwa uthibitisho wa daktari. Kejeli za namna hiyo ndizo zinazowafungia walemavu milango ya shule na viwanda. Kumwondolea mtu kizuizi njiani si kumbeba mgongoni.