Endelea Tu, Utaniona

Wako wasemao kuwa mtoto mwenye usonji hafai kuchanganywa na wenzake darasani, kwa kuwa hasikii la mwalimu. Hoja hiyo haina nguvu. Watoto wengi wa namna hiyo hulisikia neno kama lilivyotamkwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Mwalimu amwambia agongaye dawati, "Endelea tu, utaniona!" Wenzake watambua kuwa hicho ni kitisho. Yeye ameambiwa aendelee, anaendelea. Kisha achapwa kwa kutii! Akiambiwa atege sikio, huenda akatafuta mtego. Na mtoto wa Iramba au Ikungi aliyelelewa kwa Kinyiramba au Kinyaturu ana mzigo wa pili, maana Kiswahili chenyewe amekikuta shuleni. Asipomtazama mwalimu machoni huitwa mjeuri. Ajabu kwa watu waliofunzwa na wazazi wao kuinamisha macho mbele ya mkubwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyu haki ya kusoma katika shule ya kawaida. Wapinzani hujibu kuwa madarasa ya Singida yamejaa, na walimu waliosomea elimu maalumu hawatoshi. Ni kweli. Lakini "Acha kugonga dawati" ni maneno matatu, hayangoji mtaalamu kutoka Chuo cha Patandi. Ratiba iliyochorwa ubaoni yataka chaki tu. Kiti kisichohamishwa hakitaki hata chaki. Tena mwalimu asemaye waziwazi hueleweka na darasa zima, hata na wale wa nyuma walionyamaza kwa woga.